Prosesa iliyozidishwa kasi inapokataa kupumzika: kutafuta chanzo cha hitilafu za usimamizi wa umeme

Mtu anayejijengea kompyuta na kuizidisha kasi prosesa yake hutumia siku nyingi kuipima ikiwa chini ya mzigo mzito, lakini ni nadra kuitazama ikiwa haina kazi. Ndiyo maana matatizo ya usimamizi wa umeme humkuta hajajiandaa. Kompyuta iliyomaliza muda wa saa nane za Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, bila kosa hata moja hujiwasha upya yenyewe usiku, ikiwa imeachwa bila programu yoyote iliyofunguliwa. Prosesa iliyowekwa 5.0 GHz hubaki hapo mchana kutwa hata kama mwenyewe anasoma maandishi tu, au hugeuka na kukwama kwenye 800 MHz huku mchezo ukijikokota kwenye skrini. Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote katika hali hizi ni kuingia kwenye BIOS, yaani programu ya ubao mama yenye mipangilio ya maunzi, na kuzima kila kinachohusu kuokoa umeme. Ninaupinga ushauri huo, kwa sababu mara nyingi unachofanya ni kuficha kosa la volteji ambalo lingepaswa kurekebishwa, na mwenye kompyuta hubaki akilipia umeme na joto ambavyo havikuwa vya lazima.

Nani anaamua kasi na volteji

Kasi ya prosesa huamuliwa na pande tatu kwa pamoja, na dalili nyingi hueleweka pale unapojua ni upande upi uliosema neno la mwisho. BIOS huweka mipaka na kuruhusu au kukataza njia za kuokoa umeme. Mfumo endeshi huomba kasi fulani kulingana na kazi iliyopo. Prosesa yenyewe hupima joto, mkondo na nguvu, kisha huamua kama ombi hilo linawezekana. Katika prosesa za Intel kabla ya mwaka 2015, mfumo endeshi ndio uliochagua ngazi za kasi kupitia SpeedStep. Kuanzia kizazi cha Skylake cha mwaka huo, Speed Shift iliipa prosesa uhuru wa kuchagua yenyewe kwa haraka zaidi. AMD ilipita njia kama hiyo, kutoka Cool'n'Quiet hadi CPPC ya prosesa za Zen 2.

Ngazi hizo za kasi huitwa hali za P. Zinatofautiana na hali za C, ambazo zinahusu kina cha usingizi wa kiini kisicho na kazi. Katika C0 kiini kinafanya kazi. Katika C1 mapigo yake yamesimamishwa kwa muda, na C1E huongeza hapo kushusha volteji na kizidishi, yaani namba inayozidishwa kwa mapigo ya msingi ili kupata kasi. Katika C6 kiini huhifadhi hali yake mahali pengine na umeme wake hukatwa karibu wote. Kuchanganya aina hizi mbili ndiko chanzo cha malalamiko mengi yasiyo na msingi, kwa kuwa kiini kilicho katika C6 hakitumii karibu chochote, hata kama programu ya vipimo inaonyesha kizidishi cha juu pembeni mwa jina lake.

Kuhusu volteji, hesabu ni rahisi na inafaa kukaa kichwani. Nguvu inayotumika katika kazi hukua kulingana na kasi, na kulingana na mraba wa volteji. Ukitoka 4.6 GHz kwa volti 1.20 ukaenda 5.0 GHz kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 9 hivi, ilhali nguvu imeongezeka kwa karibu asilimia 38. Kwa hiyo katika uchunguzi wote unaofuata, jicho la kwanza liwe kwenye volteji na wati, na kasi itazamwe baadaye.

Vipimo kabla ya marekebisho

Piga picha kila ukurasa wa BIOS wenye mipangilio uliyobadilisha, au uihifadhi kama wasifu ikiwa ubao mama unaruhusu. Kisha rudisha mipangilio ya kiwandani na uitumie kompyuta hivyo kwa muda wa kutosha kuiona dalili ikijitokeza au ikitoweka. Hatua hii inachosha, na watu wengi huiruka. Hata hivyo, dalili ikiendelea kuonekana katika mipangilio ya kiwandani, kuzidisha kasi hakukuwa chanzo chake, na kila saa utakayotumia kuchezea volteji itakuwa imepotea bure.

Kwenye Windows, HWiNFO huonyesha mambo manne unayohitaji: kizidishi cha kila kiini, kasi halisi ya wastani iliyozingatia muda wa usingizi, volteji ya viini, na wati za prosesa nzima. Usitegemee namba moja ya kasi inayoonyeshwa na kidhibiti kazi cha Windows, kwa sababu haikuelezi ni viini vingapi vimelala. Kwenye Linux, turbostat hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko chochote ninachokifahamu: safu yake ya Busy% inaonyesha sehemu ya muda ambao kiini kilikuwa macho, Bzy_MHz inaonyesha kasi kilipokuwa macho, CPU%c6 inaonyesha kilivyolala, na PkgWatt inaonyesha matumizi ya umeme. Jihadhari pia na vipimo vyenyewe. Programu inayosoma vihisi mara nyingi kwa sekunde huviamsha viini kila inaposoma, kwa hiyo weka muda wa sekunde mbili au zaidi kati ya usomaji mmoja na mwingine, na usifungue programu mbili za vipimo kwa wakati mmoja.

Kasi haishuki hata kompyuta isipokuwa na kazi

Anza na mfumo endeshi, kwa sababu ndiko chanzo kinakopatikana mara nyingi na ndiko kurekebisha kulikokuwa rahisi. Katika mpango wa umeme wa utendaji wa juu wa Windows, kiwango cha chini cha prosesa huwekwa asilimia 100, na katika mpango wa uwiano ni asilimia 5. Baadhi ya programu za michezo na za watengenezaji wa ubao mama hubadilisha mpango huo bila kumjulisha mwenye kompyuta. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uendeshe `powercfg /energy`, uiache kompyuta kwa sekunde 60 bila kuigusa, kisha usome ripoti inayotengenezwa. Itakutajia mipangilio inayozuia kasi kushuka, vifaa vya USB visivyokubali kulala, na programu zilizoomba saa ya mfumo ipige mara nyingi kuliko kawaida. Kwa kawaida Windows huamka kila milisekunde 15.6, na programu moja ikiomba milisekunde 1, usingizi mzito wa viini hukatizwa muda wote.

Kwenye Linux, soma faili la `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`. Ukikuta neno performance, umepata jibu. Ukikuta powersave chini ya draiva ya intel_pstate, usishtuke kwa kudhani kwamba prosesa imefungiwa kasi ya chini, kwa maana chini ya draiva hiyo gavana huyo, yaani kanuni ya kuchagua kasi, hupandisha na kushusha kasi kulingana na kazi. Chini ya draiva ya zamani ya acpi-cpufreq, jina hilohilo humaanisha kubaki kwenye ngazi ya chini kabisa daima. Jina moja lenye maana mbili limewapotosha wengi.

Mfumo endeshi ukiwa hauna kosa, nenda kwenye BIOS. Bao mama nyingi zina tabia ya kuzima SpeedStep, C1E au hali za C zenye kina pale tu kizidishi kinapobadilishwa kwa mkono, huku kipengele chenyewe kikiendelea kuonyesha kwamba kinajiamulia (Auto). Mradi kipengele kimeachwa kijiamulie, huwezi kujua ubao umeamua nini. Weka kila kimoja kwenye kuwashwa waziwazi, kisha upime tena. Kwa prosesa za Ryzen za AMD kuna sababu nyingine ambayo ni ya kimaumbile zaidi: unapoweka kizidishi kimoja kwa viini vyote kwa mkono, prosesa huacha kutumia Precision Boost, njia yake ya kujipandishia kasi yenyewe, na kuingia katika hali ya kuzidishwa kasi, ambamo inashika kasi uliyoiambia. Hapo usitafute kosa. Ama ukubali, ama urudi kwenye kuongeza mipaka ya nguvu na kuiachia prosesa ijiongoze, njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa Ryzen zote za miaka ya karibuni.

Zipo pia prosesa ambazo kasi yake ilizidishwa kupitia mapigo ya msingi, yaani ile 100 MHz ambayo kizidishi huizidisha. Mwishoni mwa mwaka 2015 ziliibuka BIOS maalumu zilizowezesha kufanya hivyo kwa prosesa za Skylake ambazo kizidishi chake kimefungwa, na gharama yake ilikuwa kupoteza hali za C, turbo (kujipandisha kasi juu ya ile ya kawaida) na usomaji wa joto la viini. Anayemiliki mashine ya aina hiyo hatapata dawa katika mipangilio, kwa kuwa hasara hiyo ni sehemu ya njia yenyewe.

Kabla hujaendelea, tazama wati. Ikiwa kasi inaonyeshwa 5.0 GHz lakini viini vimelala asilimia 95 ya muda na matumizi ya prosesa nzima yako chini sana, kompyuta yako haina tatizo.

Kasi inashuka lakini volteji haishuki

Dalili hii kwa kawaida ina chanzo kimoja: volteji imewekwa thabiti. Prosesa inaposhuka hadi 800 MHz, ubao bado unaipatia ileile volti 1.35 uliyoiandika, na umeme unaovuja ndani ya transista huendelea kupotea. Volteji thabiti inafaa siku za kutafuta uwezo wa prosesa, kwa kuwa inaondoa kigeugeu kimoja katika majaribio. Baada ya hapo hamia kwenye volteji inayojirekebisha, ambayo inaongeza volteji katika kasi za turbo peke yake, au kwenye ofseti, ambayo huongeza au kupunguza kiasi kilekile katika kila ngazi ya kasi. Tofauti kati ya hizi mbili ni kubwa, na itarudi hapa chini.

Hakikisha pia unasoma kihisi sahihi. VID ni volteji ambayo prosesa inaiomba, na Vcore ni ile iliyopimwa kwenye ubao. Mtu anaweza kulalamika kutwa nzima kuhusu VID isiyobadilika huku Vcore ikishuka vizuri kabisa.

Kwa Ryzen za vizazi vya kwanza kuna njia ya kubadilisha hali ya P0 yenyewe, iliyo ya juu kuliko hali zote za P, ambayo huacha hali za chini zibaki kama zilivyokuwa na hivyo kasi huweza kushuka. Inadai uangalifu, kwa kuwa bao nyingi hutaka namba za mfumo wa kumi na sita. Namba hizo ni FID na DID za kasi, na VID ya volteji. Kasi hupatikana kwa kugawanya FID kwa DID kisha kuzidisha kwa 200, na volteji ni 1.55 toa VID mara 0.00625. FID ya 98, ambayo ni 152 katika namba za kawaida, pamoja na DID ya 8, hutoa 3800 MHz. Kwa volti 1.35 unahitaji VID ya 32, ambayo kwa mfumo wa kumi na sita huandikwa 20. Anayesahau na kuandika 32 moja kwa moja atakuwa ameomba volti 1.2375, na kompyuta itaganda kabla hajaelewa sababu. Kumbuka kwamba namba ndogo ya VID humaanisha volteji kubwa, kwa hiyo kosa la upande wa pili linaweza kuiumiza prosesa.

Kompyuta inaganda au kujiwasha upya ikiwa imetulia

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo, na ndipo ushauri wa kuzima hali za C hutolewa zaidi. Nami niliufuata zamani. Kompyuta moja niliyoijenga mwenyewe ilikuwa na ofseti ya kupunguza milivolti 80, na ilipita kila jaribio zito nililoipa. Ilikuwa ikiganda nilipokuwa nikisoma tu, wakati mwingine mara mbili kwa siku, wakati mwingine ikakaa siku nne. Nilizima hali za C na kuganda kukakoma, nikaamini nimetibu ugonjwa. Wiki kadhaa baadaye nilipopima umeme nikaona inatumia wati nyingi mno bila kazi. Nilipowasha tena hali hizo na kuipunguza ofseti hadi milivolti 40, haikuganda tena. Hali za C hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zikiipeleka prosesa kwenye ngazi za chini ambako ofseti yangu ilikuwa imekwisha kula akiba yote ya volteji.

Ofseti hasi huuvuta chini mstari mzima wa volteji, kuanzia kasi ya juu hadi ya chini, wakati majaribio mazito hupima ncha moja tu ya mstari huo. Kwa sababu hiyo, jaribio la kwanza kwa dalili hii ni kupunguza ukubwa wa ofseti kwa milivolti 20 au 30 na kuiacha kompyuta itulie usiku kucha. Ikiwa unatumia Curve Optimizer kwenye Ryzen, mpangilio unaosogeza mstari wa volteji wa kila kiini kwa hatua, mantiki ni ileile lakini sehemu dhaifu iko kwingine: kazi nyepesi hukiacha kiini kimoja kipande hadi kasi ya juu kabisa, kasi ambayo viini vyote vikifanya kazi pamoja havifikii. Kuweka hasi 30 kwa viini vyote kwa sababu fulani alifanikiwa ni kubahatisha. Viini viwili vinavyopewa kipaumbele na prosesa mara nyingi huvumilia kidogo kuliko vingine, na programu ya CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja baada ya kingine, itakuonyesha ni kipi kinachoshindwa.

Soma kumbukumbu za matukio za Windows. Tukio la 41 la Kernel-Power linakuambia tu kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu, na halitaji chanzo, ingawa watu wengi hulichukua kama hukumu dhidi ya pawa saplai. Yenye habari ni matukio ya WHEA-Logger, yanayorekodi makosa ya maunzi: la 18 hutaja kosa kubwa na mara nyingi hubeba namba ya kiini kilichohusika, na la 19 hutaja kosa lililosahihishwa. Skrini ya buluu yenye 0x124 au 0x101 kwenye mashine iliyozidishwa kasi huelekeza kidole kwenye volteji kwanza.

Mshukiwa wa pili ni LLC, yaani mpangilio unaofidia kushuka kwa volteji mzigo unapoingia. Ikiwekwa kwenye ngazi kali ili mstari uwe bapa kabisa, volteji huruka juu mzigo unapoondoka ghafla na huzama chini unaporudi, kwa muda mfupi sana ambao programu ya vipimo haiwezi kuuona. Kompyuta isiyo na kazi hupita katika mabadiliko hayo mara nyingi mno, ikiamka na kulala. Rudi kwenye ngazi ya kati na uongeze volteji kidogo ikibidi. Grafu itaonekana mbaya zaidi, lakini mashine itakuwa imara zaidi.

Mshukiwa wa tatu ni pawa saplai, hasa ya zamani. Haswell ya Intel ya mwaka 2013 ilipoleta usingizi mzito zaidi wa C6 na C7, mkondo kwenye laini ya volti 12 ya prosesa uliweza kushuka hadi ampia 0.05, ilhali pawa saplai nyingi zilikuwa zimebuniwa kwa kiwango cha chini cha ampia 0.5. Zile zinazodhibiti laini za volti 12 na 5 kwa pamoja ndizo zilizopata shida, na baadhi zilijizima. Ryzen za kwanza zilikuwa na tatizo linalofanana nalo, ambalo watumiaji wa Linux waliliona sana kama kuganda wakati wa utulivu. Jibu lililokuja kwenye BIOS ni kipengele kinachohusu mkondo wa pawa saplai prosesa isipokuwa na kazi, na humo unachagua mkondo wa kawaida badala ya mkondo mdogo. Ikiwa chaguo hilo linaondoa dalili hata katika mipangilio ya kiwandani, umepata chanzo, na dawa ya kudumu ni pawa saplai mpya zaidi.

Kwenye Linux unaweza kutenganisha washukiwa hawa bila kuwasha upya kompyuta. Amri ya `cpupower idle-info` huorodhesha hali za usingizi, na `cpupower idle-set -d` pamoja na namba huzima moja kati ya hizo. Zima ile yenye kina kuliko zote, ungoje, kisha inayofuata. Hapa kuzima ni kipimo, na kipimo kikishatoa jibu, hali hizo ziwashwe tena.

Wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 wana jambo la kufanya kabla ya haya yote. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba volteji ya juu kupita kiasi ilikuwa ikiharibu taratibu baadhi ya prosesa hizo za kompyuta za mezani, na ikatoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanayokuja na BIOS) za kurekebisha: 0x129 mwezi Agosti, iliyozuia maombi ya volteji zaidi ya 1.55, na 0x12B iliyofuata, iliyolenga maombi ya volteji kubwa wakati wa utulivu na kazi nyepesi. Sasisha BIOS kwanza. Ikiwa prosesa imekwisha kuharibika, maikrokodi haitairudisha, na ikiwa inayumba hata katika mipangilio ya kiwandani baada ya kusasisha, itumie dhamana yake badala ya kuitafutia volteji mpya.

Kasi inashuka chini ya mzigo, au inakwama 800 MHz

Tazama muda. Kasi ikishuka baada ya muda uleule kila mara, sababu ni mipaka ya nguvu. Kwa mfano, Core i9-10900K imepangiwa wati 250 kwa muda wa sekunde 56, kisha wati 125. Kwenye AMD za soketi ya AM4 za daraja la wati 105, mipaka ni wati 142 za PPT (nguvu), ampia 95 za TDC (mkondo wa kudumu) na ampia 140 za EDC (mkondo wa kilele), na prosesa inayogusa mmoja wao hujibana hata kama joto liko chini. Ukikuta 4095 kwenye kipengele cha wati, ubao umeondoa mpaka kabisa, na kilichobaki kukulinda ni joto. Kasi ikishuka kwa hatua kamili katika programu fulani tu, kama kutoka 5.0 hadi 4.7 GHz, chunguza kipunguzi cha kizidishi kwa AVX, yaani amri nzito za hesabu, kabla ya kitu kingine.

Kuhusu joto, hakikisha namba unayoisoma ni ya kweli. Ryzen 7 1700X na 1800X hutoa usomaji ulioongezwa nyuzi 20 ili kuongoza feni, na programu ya zamani inaweza kukuonyesha nyuzi 85 ambazo hazipo.

Kukwama kwenye ngazi ya chini kabisa ni suala tofauti. Mara nyingi ni ishara ya PROCHOT, waya ambao prosesa hutumia kutangaza kwamba imechemka, lakini ambao ubao nao unaweza kuutumia kuilazimisha prosesa ipunguze kasi. Saketi za VRM, zinazoipatia prosesa volteji yake, zilizochemka kwa kukosa upepo, au kihisi kibovu, hutosha. Windows huandika tukio la 37 la Kernel-Processor-Power, linalosema kwamba kasi imebanwa na programu ya ubao. Elekeza feni kwenye VRM kwa dakika kumi, na kasi ikirudi umeshapata chanzo. Programu ya ThrottleStop inaweza kuzima usikivu wa ishara hiyo kwenye baadhi ya mashine, lakini ninakusihi usifanye hivyo kabla ya kujua ni nani anayeituma, kwa sababu VRM inayoomba msaada na kunyimwa inaweza kuungua.

Baada ya kuamka, na sauti zisizo za kawaida

Kompyuta ikiamka kutoka usingizini na kurudi kwenye kasi ya kiwandani, shaka ya kwanza ni kwamba kasi ilizidishwa kwa programu ndani ya Windows na si kwenye BIOS, kwa kuwa mipangilio ya aina hiyo haiandikwi upya daima wakati wa kuamka. Ikikataa kuamka kabisa, tafuta volteji za pembeni zilizoongezwa. Katika enzi za Sandy Bridge ya Intel, kuwasha volteji ya ziada ya PLL ya ndani (saketi inayotengeneza mapigo) kulitosha kuvunja S3, usingizi wa kompyuta nzima, kwenye bao nyingi hadi BIOS mpya zilipotoka.

Mluzi mwembamba unaosikika kompyuta ikitulia na kukoma mzigo unapoingia hutoka kwenye koili za VRM zinazotikiswa na kulala na kuamka kwa viini. Hauharibu kitu. Anayeukereka anaweza kuzima C6 peke yake na kuacha C1E, akijua anachopoteza.

Kuthibitisha

Marekebisho yakikamilika, usirudie mzigo mzito peke yake. Iache kompyuta usiku kucha bila kazi. Siku inayofuata, endesha mzigo wa viini vyote kwa dakika moja na utulivu kwa dakika moja, kwa zamu, kwa muda wa saa mbili. Jaribu kiini kimoja kimoja. Ilaze na kuiamsha mara kumi. Kisha fungua kumbukumbu za matukio na utafute WHEA-Logger, tukio la 19. Hata kama hakuna kilichoganda, tukio moja la aina hiyo linatosha kuongeza milivolti 10 na kuanza upya usiku uleule.